LORI LA MAREHEMU KONDO: Maji ya Manjano Tangini

"Kuna mtu ametia maji kwenye tangi."

Hapo ndipo nilipowaachia juma lililopita, wasomaji wangu, na najua wapo walionilaani. Basi tusipotezeane muda. Lori limezima katikati ya kilima cha kabla ya Mchinga, boneti liko wazi, jua linapanda, na Evaristo dereva ameinua kikombe cha kioo alichokifungua chini ya pampu. Juu petroli, chini maji. Hata asiyejua magari angeona.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti: lori hili lilikuwa la Kondo, na Kondo amekufa. Mjane wake, Moza, ndiye anayeliweka barabarani kati ya Kilwa na Lindi, Evaristo akishika usukani. Mdogo wake marehemu, Likwata, analitaka. Alikwenda kushtaki kwa Liwali wa Lindi kwamba mali ya kaka yake inaozea mikononi mwa mwanamke, na Liwali akatoa neno lake: lori lifike barazani kwake Ijumaa kabla ya adhana, kwa nguvu zake lenyewe. Likifika, ni la Moza. Lisipofika, au likivutwa na gari jingine hata hatua moja, ni la Likwata.

Na Ijumaa yenyewe ndiyo hii.

Moza alikitazama kile kikombe. Hakuwa mwanamke wa kulia mbele ya abiria. Alikuwa mwanamke wa kukasirika, na hasira zake zilipanda upesi kama maziwa jikoni.

"Nani?" Aliwageukia abiria walioshuka kujinyoosha. "Nani aliyegusa tangi langu?"

Wengine walitazama vidole vya miguu yao. Aliyejibu alikuwa Xaveri, mkulima wa ufuta aliyekuwa na hamu ya kufika kwake Milola.

"Dada, sisi ni abiria," alisema. "Tumelipa nauli ya kusafiri. Hatukulipia kesi."

"Jana tulilala Kiranjeranje, na lori lilikuwa uani kwa watu. Leo limekunywa maji. Yalianguka kutoka mbinguni?"

"Bi Moza," Evaristo aliita kwa sauti ndogo. "Njoo unuse."

Evaristo alikuwa Mmatumbi wa milimani, mtu wa misheni, mpole mpaka abiria walikuwa wakimwonea. Alimsogezea kikombe puani. Petroli ilimchoma Moza macho, lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, tamu, ya sherehe. Marashi. Akakiinua kikombe kwenye jua. Yale maji hayakuwa meupe. Yalikuwa ya manjano.

Rangi ile aliijua. Kila mtoto wa nyumba yao aliyepata homa aliwahi kuinywa: aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, mwalimu akaziosha kwa marashi na maji, mgonjwa akapewa anywe.

"Kombe," Moza alisema. "Hili ni kombe!"

Watu wote waligeuka kuangalia kiti cha mbele. Bi Biasha, mama yao Kondo na Likwata, alikuwa amekaa palepale alipopandia alfajiri, kanga imemfunika mpaka kidevuni, anatafuna tambuu yake.

"Mnaniangalia nini?" aliuliza. "Ndiyo, ni mimi. Nimelinywesha."

"Mama!"

"Mama nini? Gari la mwanangu linaumwa. Kila kilima linakohoa, kila safari linavuliwa matairi, na watu wanalikodolea macho tangu siku lilipoingia Kilwa. Lina husuda hilo. Mtu akipatwa na husuda hatumpi kombe? Sikulitilia sumu. Nimelitilia maneno ya Mungu."

Evaristo alifanya ishara ya msalaba, halafu akakumbuka yuko mbele ya nani, akajifanya anajikuna kifua.

Moza alitaka kupiga kelele. Angemfokea vipi? Mama huyu ndiye aliyelala naye chumba kimoja muda wote wa eda. Walimlilia mtu mmoja. Moza alimpenda, na kumpenda huko siku ile kulimwuma kuliko uadui.

"Linatengenezeka?" alimuuliza Evaristo.

"Linatengenezeka. Maji ni mazito kuliko petroli, yalikaa chini yakatulia. Njia ilipokuwa tambarare hatukuyasikia. Kilima ndicho kimeyamimina nyuma, kwenye bomba la kunyonyea. Nikifungua nati ya chini ya tangi yatatoka yenyewe kwanza, petroli itabaki. Halafu nitasafisha kabureta. Hakuna kilichovunjika, Bi Moza. Tutafika."

"Basi unangoja nini? Fungua!"

Evaristo akaingia uvunguni na spana yake. Wakasikia nati ikilia mara moja.

"We Evaristo! Thubutu!"

Bi Biasha alikuwa ameshashuka. Hakuna aliyejua kwamba miguu ile bado inaweza kwenda mbio. Aliinama mpaka kichwa chake kikakaribia gurudumu.

"Unamwaga wapi?"

"Hapa, bibi. Chini."

"Barabarani? Maneno ya Mungu yamwagike barabarani, yakanyagwe na mbuzi na matairi?"

"Mama, Liwali hatatungoja," Moza alisema. "Adhana ikilia hatuna lori!"

"Na wewe umelewa lori hata umesahau ulivyolelewa. Kombe halimwagwi njiani. Kikingeni kitu, likamwagwe mahali pasipopita mguu."

Moza aliwatazama abiria apate wa kumuunga mkono. Hakuna. Walewale waliokuwa wakinung'unikia kuchelewa sasa walitikisa vichwa pamoja na mama mkwe wake. Kweli, dada, haifai. Ni dhambi kubwa. Hata mmoja aliyekuwa akilalamika kwamba kuku wake watakufa kwa jua alikubali kuku wafe.

Sauti ya Evaristo ilitoka uvunguni. "Bi Moza, bibi anasema kweli. Na mimi ni mtu wa misheni. Ikisikika Kilwa kwamba Evaristo amemwaga aya za Kurani njiani, nitapita mtaa gani tena?"

"Basi chombo! Nani ana chombo?"

Madebe yalikuwepo, lakini yote yalijaa asali na mafuta ya ufuta. Moza alipanda juu ya mizigo, akapekua huku na huku, mpaka akaiona sufuria kubwa mpya inang'aa kati ya magunia.

"Hiyo ya mke wangu!" Xaveri alilia. "Bi Yustina ameiota mwaka mzima hiyo! Ikinuka petroli sitalala ndani!"

"Nitakununulia nyingine."

"Lini?"

Moza hakupata kujibu. Chini ya kilima kulisikika ngurumo nzito iliyogongagonga, isiyofanana na sauti ya lori lolote walilolizoea. Kila mtu akaitambua, na Evaristo akatoka uvunguni. Ilikuwa dizeli.

Enzi hizo lori la dizeli pwani ile lilikuwa kitu cha kutolea macho. Halina plagi, halijali umande wala ukungu, linapanda vilima na mzigo wake bila kulalamika. Wenye malori ya petroli waliucheka moshi wake mchana kutwa, kisha wakarudi nyumbani wakinyamaza. Na dizeli pekee kati ya Kilwa na Lindi lilikuwa la Likwata.

Lilipanda polepole, likawapita, likasimama mbele yao. Likwata akaruka chini, kofia ya kiua imekaa upande, kamba nene iko begani tayari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bi Biasha alijibu, akitazama chini.

"Shemeji! Limekufa tena? Siku zote nakwambia, zama za plagi zimekwisha. Kaka yangu angekuwa hai angeshaliuza likawa masufuria." Aliwachekea abiria, nao wakamchekea. "Hakuna neno, sisi ni ndugu. Nitakuvuteni."

"Usiliguse."

"Abiria wako wanaungua jua, shemeji."

"Vuta, Bwana Likwata!" mmoja alipaza sauti. "Twende zetu!"

Kabla Moza hajashuka kutoka juu ya mizigo, Likwata alikuwa amekwishafunga kamba kwenye bampa. Akampungia mkono dereva wake. Dizeli likanguruma, kamba ikainuka kutoka vumbini, ikanyooka, ikakaza mpaka ikalia. Lori la Kondo halikusogea. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa mpaka mwisho, na Bi Biasha alikuwa amesimama palepale ubavuni mwa gurudumu, haondoi macho.

Moza aliruka. Aliangukia magoti, akainuka, akajitupa kati ya magari mawili na kuikumbatia ile kamba kwa mikono yote miwili.

"Ukilivuta utanivuta na mimi! Piga gia, Likwata! Nivute mpaka Lindi, Liwali akaone ngozi yangu!"

Abiria walipiga kelele. Dizeli likapunguza ngurumo. Likwata alimtazama shemeji yake chini pale, vumbi mpaka kwenye nyusi, akatabasamu. Tabasamu lile Moza hakulipenda.

"Haya, yaishe," alisema, akifungua fundo. "Ningekupa hata petroli, lakini langu halinywi hiyo. Na linachokunywa langu ukikitia humo, utakuwa umelizika kabisa." Kisha akawageukia watu. "Nani anakwenda Lindi? Leo nabeba bure!"

Neno bure halirudiwi mara mbili. Kuku, madebe, magunia na wenyewe walihama kabla vumbi halijatua. Xaveri ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alishika gunia lake mkono mmoja na sufuria mkono mwingine, akamtazama Moza, akaiweka sufuria chini.

"Ukipita Milola," alinong'ona, "sema iliibwa."

Likwata alimfungulia mama yake mlango. "Twende, mama. Hapa utakufa kwa jua."

"Nimekuja na la Kondo," Bi Biasha alisema, bado hamtazami usoni. "Nitafika na la Kondo."

Dizeli likaondoka na watu wote. Kilimani walibaki watatu.

Basi wakafanya kazi. Evaristo alilegeza nati, na maji ya manjano yakachuruzika ndani ya sufuria ya Bi Yustina, taratibu, taratibu mno kwa Moza aliyekuwa akilitazama jua kila mara. Yalipogeuka kuwa petroli tupu Evaristo akakaza. Bi Biasha hakumruhusu mtu kuibeba. Aliichukua mwenyewe kwa mikono miwili, akaingia nayo msituni akipasua majani kwa mabega, akitafuta mahali pasipo na njia ya mtu wala ya mnyama. Moza aliuma kanga yake asije akamwambia afanye haraka.

Evaristo alipuliza kabureta kwa mdomo, akatema, akapuliza tena. Selfu ya kuwashia lori ilikufa zamani, kwa hiyo ilibaki hendeli, ile fimbo ya chuma ya kuizungusha injini kwa mkono. Moza akaishika.

"Kidole gumba kiweke upande mmoja na vingine, Bi Moza. Likirudisha, litakuvunja mkono."

Alizungusha. Lori likakohoa, likanyamaza. Alizungusha tena kwa nguvu zote alizokuwa nazo na hasira zote alizozimeza tangu asubuhi, na injini ikashika. Ikatetemeka, ikatoa moshi mweupe wenye harufu ya marashi, ikatulia ikaunguruma sawasawa. Evaristo alipiga vigelegele kama mwanamke.

Wakapanda, wakaondoka. Walipita Mchinga bila kusimama, Evaristo akiwatawanya mbuzi kwa honi. Moza alikaa katikati. Kila lori lilipokata kona alijikuta anaegemea mbele, utadhani angeweza kulisukuma kwa kifua. Ulipita muda kabla hajagundua kwamba mama mkwe wake analia.

"Mama, usilie. Yamekwisha. Ulitaka mema."

Bi Biasha alijifuta kwa ncha ya kanga, machozi yakaja mengine.

Ndipo Moza akajiuliza jambo ambalo wewe msomaji huenda umekwishajiuliza. Bi huyu hajui gia wala breki. Lori kwake ni mlango na kiti.

"Mama. Nani alikuonyesha tangi liko wapi?"

Evaristo alikazia macho barabara.

"Mimi nilitaka kunyunyizia magurudumu tu," Bi Biasha alisema mwishowe. "Jana magharibi, pale Kiranjeranje. Likwata naye alikuwa amefika. Akaniona na chupa. Akaniambia, 'Mama, ukinyunyizia nje hulitibu, ugonjwa uko ndani. Lina mdomo wake.' Akanishika mkono, akanipeleka, akakifungua kifuniko mwenyewe. Akasema, 'Lipe yote, mama.'" Alijifuta tena. "Nami nikafurahi, Moza. Nikasema, leo mwanangu amemkumbuka kaka yake."

Moza alitaka kushuka akimbie kwa miguu, amfikie yule mtu kabla ya lori.

"Utayasema hayo mbele ya Liwali."

"Yule ni mwanangu."

"Na Kondo alikuwa nani?"

"Usiniulize hivyo!" Bi Biasha aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa. "Mmoja nimemzika. Unataka na huyu nimzike kwa mdomo wangu?"

Moza aligeuza macho barabarani. Ghuba ya Lindi ikatokea chini yao, mabati ya mji yakiwaka jua.

Waliingia mjini honi mdomoni. Wanaume walikuwa wakielekea msikitini kwa makundi, kanzu zimepigwa pasi, nao wakaruka pembeni wakitukana. Evaristo alisimamisha lori mbele ya baraza ya Liwali, injini ikiunguruma. Liwali alikuwa amesimama mlangoni, joho begani, anavaa viatu aende kuswali.

Moza alishuka kabla magurudumu hayajasimama vizuri.

"Tumefika, Liwali! Adhana bado! Na limekuja kwa nguvu zake lenyewe!"

Liwali alilitazama lori, akaisikiliza injini, akalitazama jua. Alikuwa mzee mtulivu, si mtu wa kusukumwa na makelele.

"Mmefika," alisema. "Nimeona kwa macho yangu."

Moza alicheka kwa sauti. Alitaka kulibusu lile boneti pamoja na mafuta yake yote.

"Wamefika, naam," ilisema sauti nyuma yake. "Ila si kwa nguvu zao."

Likwata alitoka kwenye kivuli cha baraza, na nyuma yake walitoka abiria.

"Bwana Liwali, ulisema hata hatua moja. Mimi nimelivuta. Kilimani kule, kabla ya Mchinga, kwa kamba yangu. Lilisogea ndipo shemeji alipojitupa katikati. Watu hawa wote waliona."

"Mwongo!" Moza alipiga kelele. "Breki ilikuwa imevutwa!"

Liwali aliinua mkono. Akamwita mtu wa mbele, naye akawa Xaveri.

"Uliiona kamba?"

"Niliiona, Bwana Liwali."

"Imefungwa?"

"Imefungwa. Na ilikaza."

"Na lori lilisogea?"

Xaveri alimeza mate. "Mungu anisamehe. Wakati ule mimi nilikuwa naangalia sufuria yangu."

Wengine nao waliulizwa. Huyu alikuwa upande wa pili, yule alikuwa na vumbi machoni, wa tatu alidhani kama lilisogea kidogo. Tumaini la Moza likaanza kumomonyoka. Yeye na Evaristo ni wenye kesi, maneno yao hayahesabiwi.

"Nani alikuwa karibu na gurudumu?" Liwali aliuliza.

"Mama yangu," Likwata alijibu upesi, na lile tabasamu likarudi. "Alikuwa amesimama ubavuni palepale. Muulize mama yangu, Bwana Liwali. Yeye hatanisingizia, wala hatamsingizia mtu."

Msahafu ukaletwa, ukawekwa juu ya meza. Bi Biasha alishushwa kutoka lorini, akatawadha, akapanda ngazi za baraza moja moja. Moza alimtazama akipita mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alimwogopa. Neno moja tu la mama yule, ndiyo, lilisogea, na Kondo atakuwa amekufa mara ya pili. Na angemlaumu vipi? Aliyebaki ni huyo mmoja.

Bi Biasha aliuweka mkono wake wa kulia juu ya Msahafu. Nje injini ya lori ilikuwa bado inaunguruma.

"Likwata," alisema.

"Naam, mama."

"Njoo hapa. Weka mkono wako juu ya wangu. Nitakaloapa mimi, uape na wewe."

Watu wakanong'ona. Likwata alicheka kidogo.

"Mama, mimi sina udhu."

Liwali alinyoosha kidole tu kwenye birika la maji lililokuwa chini ya ngazi, hatua chache kutoka miguuni mwa Likwata.

Likwata hakusogea. Jasho lilimtoka chini ya kofia, likashuka mpaka shingoni. Huko msikitini mwadhini alikohoa kusafisha koo.

"Tawadha, mwanangu," Bi Biasha alisema, na machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya mkono wake, ambao haukuondoka juu ya kitabu. "Tawadha uje tuape pamoja. Usipokuja, nitaapa peke yangu, nami nitaanzia Kiranjeranje."